Mali Yenye Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliikuta nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, katika somo la fasihi simulizi. Mwalimu alipouliza maana yake nilinyosha mkono nikajibu kwamba mtu anayeandika mapato na matumizi yake hawezi kuibiwa kimyakimya. Mwalimu akasema jibu ni sahihi. Miaka miwili baadaye nilijifunza jambo ambalo methali haikunieleza. Mali yenye daftari nayo hupotea, na inapopotea daftari lenyewe hushuhudia kwamba haikupotea.

Nalijua hilo kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Katika insha hii nataka kuuliza maswali mawili. La kwanza: mtu mdogo anayetumwa kutia saini ana hatia gani mali ya umma inapopotea? La pili: ukaguzi unaotazama karatasi una thamani gani ikiwa karatasi hizo zimeandikwa na watu kama mimi? Sitamtaja mtu wala ofisi. Wanaohusika wapo hai na hawapo hapa kujitetea, na isitoshe, mtu ninayetaka kumchunguza kwanza ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Kaskazini mwa Uganda. Nilizaliwa mwaka 2003 katika kambi ya wakimbizi wa ndani, wakati wa vita vya Lord's Resistance Army. Mwaka jana, baada ya mwaka wa pili wa masomo, nilipelekwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya wilaya, kwenye idara ya afya. Ulikuwa mwezi wa sita. Asiyewahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali yetu huenda asijue maana ya mwezi wa sita. Mwaka wa fedha wa Uganda humalizika tarehe 30 Juni, na fedha ambazo hazijatumika hadi siku hiyo hurudi hazina. Kwa hiyo katika mwezi huo mikutano huongezeka, semina huongezeka, magari hutengenezwa, na wino wa mashine ya kuchapisha hununuliwa kwa wingi.

Idara yetu iliitisha mkutano wa wahudumu wa afya wa vijiji, wale watu wa kujitolea ambao hutembea nyumba kwa nyumba wakieleza habari za malaria na vyandarua. Bajeti ilikuwa ya watu 60. Kila mmoja angepewa shilingi 30,000, yaani 20,000 za posho na 10,000 za nauli. Jumla ni shilingi 1,800,000. Majina yote 60 yalikuwa yamechapwa tayari, na mbele ya kila jina palikuwa na namba ya simu na nafasi ya saini.

Wakaja watu 41. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara za upande wa mashariki zilikuwa hazipitiki.

Saa tisa, mkutano ulipokwisha, karani wa malipo aliniita. Ni mzee mpole ambaye kila asubuhi aliniuliza kama nimekula. Akanisogezea karatasi, akasema, "Mwanangu, tusaidie kumaliza hii. Wewe chukua mistari mitatu, mwenzako atachukua mingine. Badilisha kalamu." Sikuuliza kitu. Nilitia saini tatu, moja kwa wino wa buluu na mbili kwa wino mweusi. Mkono haukutetemeka. Nilipomaliza alinipa shilingi 20,000, akasema ni za chakula cha mchana.

Hapa niseme neno kuhusu lugha, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa lugha. Kwetu Uganda posho ni chakula, ule unga wa mahindi uliosongwa ambao wenzetu wa Kenya na Tanzania huuita ugali. Nilipoanza kusoma Kiswahili sanifu nilishangaa kusikia kwamba posho ni fedha anayopewa mtu kwa ajili ya kazi au safari. Baadaye nikaona kwamba maana hizi mbili si za mbali: zamani mpagazi au mfanyakazi alipewa unga kama sehemu ya ujira wake. Siku ile ya mkutano maana zote mbili zilikutana mfukoni mwangu. Nilipokea posho, na kwa kweli niliila.

Saa kumi hivi aliingia mama mmoja. Viatu vyake alikuwa amevishika mkononi na miguu yake ilikuwa imejaa tope hadi magotini. Alisema bodaboda yake ilikwama kwenye kijito na amekuja kwa miguu sehemu iliyobaki. Akaomba radhi kwa kuchelewa. Karani alimwambia mkutano umekwisha. Mama akasema anaelewa, lakini angependa angalau aandike jina lake, ili wakubwa wajue kwamba hakudharau wito. Karatasi ilikuwa mbele yangu mezani. Kabla sijaifunika aliinama, akapitisha kidole kwenye orodha, akafika mstari wa 47, akasimama.

"Binti yangu," aliniuliza, "nani ameandika hapa?"

Nilinyamaza.

"Hii si saini yangu. Mimi huandika jina langu lote."

Karani akacheka kidogo, akasema, "Mama, labda ni makosa ya orodha, tutarekebisha." Yule mama alinitazama tena. Sijui aliona nini usoni mwangu. Kisha akaaga kwa heshima, akaondoka na viatu vyake mkononi.

Mstari wa 47 ulikuwa wangu. Ulikuwa ule wa wino wa buluu.

Mtu anaweza kusema kosa langu lilianza pale yule mama alipotokea mlangoni. Kama asingekuja ningekuwa nimemdhulumu nani? Fedha zingerudi hazina, na hazina haina njaa. Hivi ndivyo wengi wetu tunavyofikiri: mali ya serikali haina mwenyewe. Hata mimi nilifikiri hivyo nilipokuwa nikibadilisha kalamu. Kuja kwake kulinipa aibu, na kwa siku nyingi nilidhani aibu ile ndiyo kipimo cha kosa. Nilijiambia kwamba nilimwibia mtu mmoja shilingi 30,000, basi nikizirudisha nitakuwa nimemaliza.

Namba yake ya simu ilikuwa kwenye orodha. Wiki mbili baadaye nilichukua zile 20,000, nikaongeza 10,000 zangu, nikamtumia kwa simu. Baada ya muda mfupi akapiga. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Alisema, "Nimeona pesa ya mkutano. Kumbe wakubwa walinikumbuka! Waambie Mungu awabariki." Nikajibu, "Nitawaambia, mama."

Nilipokata simu ndipo nilipoelewa kwamba sijarekebisha chochote. Nilikuwa nimelipa deni kwa kuongeza uongo wa pili. Sasa yule mama anaiamini ofisi kuliko alivyoiamini kabla, na ofisi haijafanya jambo lolote la kustahili imani hiyo. Katika Kiswahili tuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya: kulipa na kutoa hesabu. Mtu anaweza kulipa gizani. Kutoa hesabu hakuwezekani gizani, kwa sababu ni lazima uzungumze na yule anayekudai na kumweleza ulichofanya. Nilikuwa nimelipa. Hesabu sikuitoa.

Hebu basi tuyatazame madhara ya ile saini bila kumfikiria yule mama, tuone kama yangekuwapo hata kama asingekuja. Karatasi ile haikuandikwa ili ikae kabatini. Iliandikwa ili iseme jambo kwa watu ambao hawakuwapo, yaani mweka hazina wa wilaya, wizara, na wafadhili. Ilisema kwamba watu 60 wamefundishwa. Mwakani mtu atakayepanga mafunzo ataona kwamba vijiji vya mashariki vimeshafikiwa, atapeleka nguvu mahali pengine. Wahudumu 19 ambao hawakufundishwa hawataonekana katika hesabu ya wasiofundishwa. Fedha iliyoibwa ni shilingi 570,000, nayo imeibwa mara moja. Lakini habari iliyoibwa inaendelea kukosekana mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo hata kama kila mmoja wa wale 19 angekuwa amelala nyumbani kwake na hajali, saini zetu zingekuwa kosa bado. Tulimdanganya mtu ambaye kazi yake ni kuamua kwa niaba ya wengi.

Jambo hili hili liko katika suala la watumishi, na huko ni zito zaidi. Tanzania huwaita wafanyakazi hewa, kwetu husemwa ni mizuka. Jina lolote tutakalotumia, tunafikiri kwanza juu ya mshahara unaoliwa. Ni kweli mshahara unaliwa. Lakini mfanyakazi hewa pia anakalia kiti. Ikama ikionyesha wakunga wawili na kwenye orodha ya mishahara wapo wawili, basi hakuna nafasi wazi, na pasipo nafasi wazi hakuna tangazo la kazi, hakuna usaili, hakuna mkunga mpya. Mama mjamzito anayefika usiku na kukuta mlango umefungwa anaambiwa na takwimu kwamba kituo kina watu wa kutosha.

Niliona kituo cha namna hiyo. Tulikitembelea mimi na ofisa mmoja kukagua dawa. Ukutani palikuwa na orodha ya watumishi, na wakunga walikuwa wawili. Niliyemwona ni mmoja, tena hakuwa mkunga. Alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa msaidizi wa wauguzi na sasa amestaafu. Mkuu wa kituo alitueleza jambo lenyewe bila kuficha. Mmoja wa wakunga alikuwa likizo ya uzazi. Wa pili alikuwa ameondoka karibu miaka miwili, mshahara wake unaendelea kuingia, na kila mwezi hutuma sehemu ya mshahara huo kwa yule mstaafu ili amshikie zamu. Ofisa akamuuliza kwa nini hajaandika barua. Akajibu, "Nikiandika kwamba hayupo watamfuta. Wakimfuta, nafasi itakaa wazi miaka mitatu. Sasa hivi angalau nina mtu wa kupokea watoto."

Nakiri kwamba nilipotoka pale nilikuwa upande wake. Msomaji naye asiharakishe kumhukumu. Mkuu wa kituo hakupata hata shilingi katika mpango ule. Alikuwa akificha uongo ili huduma isife, na huduma ilikuwa haijafa. Ukimwuliza mwanamke aliyejifungua salama mikononi mwa yule mstaafu, atakwambia acheni mambo yalivyo.

Hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Kama uchunguzi wa mishahara ungefika pale kesho, ungemwondoa mkunga asiyekuwapo, na pamoja naye ungemwondoa mstaafu aliyekuwapo. Vitabu vingekuwa safi na chumba cha kujifungulia kingekuwa kitupu. Majirani zetu waliwahi kuonja kitu cha namna hiyo. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania chini ya Rais Magufuli ilitangaza kwamba imewaondoa wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000. Mwaka uliofuata, Aprili 2017, ikatangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengi waliona haki imetendeka, na kwa sehemu kubwa ilitendeka, maana mshahara wa mtu asiyekuwapo hauna utetezi. Lakini wale wa vyeti walikuwapo. Walikuwamo walimu na wahudumu wa afya, na baadhi ya shule na zahanati zilibaki na pengo. Kuondoa ni kazi ya siku moja. Kuajiri ni kazi ya miaka.

Je, hoja hii inatosha kumtetea mkuu wa kituo? Nimeifikiria sana, na jibu langu ni kwamba inatosha kumwonea huruma lakini haitoshi kumpa haki. Uongo wake unaokoa kituo chake leo, lakini unakula akiba ya ukweli ambayo ingemletea mkunga kesho. Kila kituo kikifanya kama chake, wizara itakuwa na nchi mbili, moja ya karatasi yenye wakunga wa kutosha, na nyingine ya udongo ambamo wanawake wanajifungua mikononi mwa wastaafu. Na bajeti hutengenezewa nchi ya karatasi. Upande wa pili, anayekuja kuchunguza naye ana wajibu. Hana haki ya kumfuta mtu halafu aondoke. Akifuta jina lazima aache nyuma yake ahadi yenye tarehe kwamba kiti kitakaliwa. Ukaguzi usio na ahadi hiyo unawafundisha watu wema kusema uongo, na baada ya hapo unawaadhibu kwa kusema uongo.

Sasa nirudi kwa swali la mtu mdogo. Wenzangu niliowasimulia habari hii waliniambia najitesa bure. Wanaoiba ni wakubwa, walisema, wewe ulikula chakula cha mchana tu. Ni kweli kwamba wakubwa huiba. Sisi wa Kaskazini tunajua vizuri. Mwaka 2012 nilikuwa na miaka tisa, na tulikuwa tumerudi kijijini kutoka kambini tukijenga upya. Mwezi wa kumi mwaka huo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alitoa ripoti maalumu kuhusu Ofisi ya Waziri Mkuu. Karibu yuro milioni 12 zilizotolewa na Ireland, Norway, Denmark na Sweden kwa ajili ya kuijenga upya Kaskazini zilikuwa zimepelekwa pasipotakiwa. Wafadhili walisimamisha misaada, Uingereza nayo ikafuata. Mapema 2013 serikali ilirudisha yuro milioni 4 kwa Ireland. Mwezi wa sita mwaka huo huo aliyekuwa mhasibu mkuu wa ofisi ile alihukumiwa kifungo cha miaka 5 katika Mahakama ya Kupambana na Rushwa, na kughushi nyaraka kulikuwa miongoni mwa makosa.

Fikiria jambo hilo taratibu. Fedha zilizorudishwa Ireland zilitoka katika hazina ya Uganda, yaani katika kodi za watu walewale ambao misaada ilikusudiwa kuwasaidia. Watu wetu waliibiwa mara moja, wakakatiwa misaada mara ya pili, wakalipa deni mara ya tatu. Na fedha nyingi kiasi hicho hazikubebwa kwa bunduki. Zilipita kwenye hati za malipo. Kila hati ina mahali pa kutia saini, na kila mahali hapo palikuwa na mkono wa mtu, au wa mtu aliyejifanya mwingine. Wizi mkubwa na wizi mdogo hutumia mlango mmoja. Nilipobadilisha kalamu nilikuwa najifunza kazi ileile iliyoiba ujenzi wa kijiji chetu, ila kwa kiwango cha mwanafunzi.

Katiba yetu ya 1995 inalisema hili waziwazi. Kifungu cha 164 kinamwajibisha mwenye cheo anayeelekeza fedha za umma zitumike kinyume cha utaratibu, na pia yule anayekubali zitumike hivyo. Mimi sikuwa na cheo. Lakini neno hilo la kukubali lilinigusa, kwa sababu ndilo nililofanya. Kifungu cha 17 hakiulizi cheo kabisa. Kinasema kupambana na rushwa na ubadhirifu wa mali ya umma ni wajibu wa kila raia. Na neno wajibu ndilo lililozaa neno uwajibikaji, ambalo viongozi wetu hulipenda sana katika hotuba.

Hata hivyo sitaki kujibebesha mzigo wote, kwa maana huo nao ungekuwa uongo. Mwanafunzi wa mafunzo anahitaji barua ya tathmini. Karani anahitaji kazi yake, na huenda yeye naye aliagizwa. Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya mwaka 2010, ambayo hata inamwahidi mtoa taarifa asilimia 5 ya fedha zitakazookolewa. Niliisoma baada ya kurudi chuoni. Siku ile ofisini sikujua kwamba ipo, na hata kama ningejua, sidhani ningekuwa na ujasiri wa kuitumia dhidi ya mzee aliyeniuliza kila asubuhi kama nimekula. Hatia yangu ni ndogo kuliko ya aliyepanga. Lakini ndogo si sawa na hakuna. Uongo ule haukuweza kukamilika bila mikono kama wangu, na mkono ulikuwa wangu.

Basi ukaguzi una thamani gani? Mwezi uliofuata wakaguzi wa ndani walikuja. Walikuwa watu makini. Walihesabu majina, yakawa 60. Walihesabu saini, zikawa 60. Walizidisha 60 kwa 30,000, wakapata 1,800,000, na risiti za benki zikasema vivyo hivyo. Wakaandika kwamba mambo ni safi. Mbele ya kila jina palikuwa na namba ya simu. Namba 60 zilikuwa pale mezani, na hakuna aliyepiga hata moja. Kama wangepiga tano tu, huenda wangempata yule mama wa mstari wa 47, naye angewaambia kwamba huandika jina lake lote.

Sisemi hivi kuwadharau wakaguzi. Mkaguzi Mkuu hupeleka ripoti yake Bungeni kila mwaka ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Kamati ya Hesabu za Umma huwaita wakubwa kujieleza. Bila kazi hiyo tusingejua ya 2012. Ninachosema ni kwamba karatasi haiwezi kuikagua karatasi. Anayeweza kuikagua ni yule ambaye jina lake limeandikwa ndani yake.

Nchi yetu yenyewe ilitoa somo hili kabla sijazaliwa. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1996 katika shule za msingi 250 uligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ambayo serikali kuu ilikuwa imezitolea. Zilizobaki zilipotelea njiani, wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hesabu zao mahali ambapo wazazi wanaweza kuziona. Kufikia 2001 shule zilikuwa zikipokea zaidi ya asilimia 80. Wapo wataalamu wanaosema mabadiliko mengine pia yalichangia, nami sina ugomvi nao. Lakini naona mantiki yake ni sahihi. Mzazi akijua shule ilitumiwa kiasi gani, anakuwa mkaguzi bila kuajiriwa. Orodha yetu ya watu 60 ingebandikwa kwenye ubao wa soko, au ingesomwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nisingethubutu kuigusa. Niliigusa kwa sababu nilijua haitasomwa na yeyote anayemjua mtu wa mstari wa 47.

Narudi kwenye methali. Sidhani wahenga walikosea. Nadhani walipozungumza juu ya daftari walifikiria daftari la mfanyabiashara, ambalo mwenye mali huliandika mwenyewe na kulisoma mwenyewe. Daftari la umma ni tofauti. Mwenye mali haliandiki, na mara nyingi hajui kama lipo. Kwa hiyo methali inahitaji nusu ya pili: mali ya umma isiyosomewa wenyewe hupotea hata kama ina daftari.

Niliporudi chuoni niliandika ripoti ya mafunzo, kurasa 32. Nilieleza muundo wa idara, mipango yake, changamoto za usafiri na upungufu wa kompyuta. Kabla ya kuikabidhi nilimsimulia mwalimu mmoja habari ya zile saini. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishauri kwa upole nisiiandike, kwa sababu ofisi zikikasirika hazitapokea tena wanafunzi wetu. Hoja yake haikuwa mbaya. Ilifanana sana na hoja ya mkuu wa kituo cha afya. Nikaiacha nje, na ripoti ikapata alama ya A.

Kwa hiyo ripoti yangu nayo ni karatasi safi yenye hesabu zinazolingana. Insha hii ni ule ukurasa niliouacha. Namba ya yule mama bado ninayo, na wiki hii, kabla kitabu hiki hakijatoka, nitampigia. Nitamwambia kwamba wakubwa hawakumkumbuka, kwamba pesa ilitoka kwangu, na kwa nini. Naogopa atakachosema. Lakini ndiye mwenye daftari, na bado hajasomewa.